Akaunti Iliyobaki Wazi

4 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini magoti ya Mama yamempa likizo, na wewe bado unagombana na fundi viatu wa mlango wa pili kuhusu nani afagie kibaraza. Mwambie asijidanganye kwamba nimeondoka na kesi imekwisha. Mimi nimefika salama, nimepata kitanda katika chumba cha watu wawili, ghorofa ya nne. Mwenzangu tunamwita Jenereta kwa sababu ya kukoroma. Mara ya kwanza nilidhani kuna lori limeegeshwa chini ya dirisha. Ni mtu mwema, na picha za watoto wake watatu amezibandika ndani ya mlango wa kabati.

Kazi ni nzuri. Niko ofisini, naandika mizigo inayoingia na inayotoka. Kiti chenyewe kina magurudumu.

Sasa najua umenuna kwa sababu sipigi simu. Nisikilize kwanza. Unakumbuka ulipomtafutia Mama fimbo ya kutembelea, ukatazama mara moja tu, halafu kompyuta ya duka lako la kuchapa ikakuonyesha fimbo mwezi mzima, hadi yule mteja aliyekuja kuchapa barua ya kuomba kazi akakuuliza kama mguu unakusumbua? Hao ndio wafuatiliaji. Wamejificha ndani ya kila ukurasa unaofungua. Wanaandika umesoma nini, umekaa dakika ngapi, umerudi lini, halafu wanauziana habari zako. Simu ndiyo mbaya zaidi, maana hiyo unatembea na masikio ya watu mfukoni. Barua pepe nayo inapita kwenye mashine za watu kabla haijakufikia. Karatasi haina mtu wa katikati. Mtu akiifungua, utaona bahasha imechanika.

Ndiyo maana kabla sijaondoka nilikuwekea ile programu ya kuzuia kwenye kivinjari, ile yenye alama ya ngao inayohesabu pembeni. Usiizime hata mteja akilalamika kwamba ukurasa wake hauonekani vizuri. Niliziba kila tundu mwenyewe, saa nne nzima, huku unanipigia kelele kwamba chai inapoa. Hakuna wa kuchungulia humo ndani.

Msalimie Mama sana.

Mdogo wako,
Wakili

11 Machi

Wakili wangu,

Marahaba. Barua yako imetumia wiki tatu njiani, kwa hiyo hao wafuatiliaji wako wangekuwa na muda wa kuisoma, kuitafsiri na kuitolea nakala. Mama ameisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, akimsomea fundi viatu. Magoti yako vilevile. Kibaraza nafagia mimi. Hukuwepo mahakamani, ukashindwa.

Duka linakwenda. Mashine ya kutoa nakala imeanza kuchora mstari mweusi katikati ya kila ukurasa, vyeti vya watu vinatoka kama vimefungwa mkanda. Ngao yako jana ilihesabu elfu moja na mia mbili. Watu wote hao wanamtafuta nani katika kaduka haka?

Nina maswali machache, na usinijibu kiwakili. Unakula? Chumba kina hewa? Hapo kazini kuna vumbi? Kama kuna vumbi, hata kidogo, lowesha kitambaa ufunge pua na mdomo, na nguo za kazi usiingie nazo chumbani. Na huyo daktari wa kifua usimwache, hata foleni ikiwa ndefu namna gani. Najua unavyochukia foleni. Nenda ukae, uende na gazeti.

Nakutumia sweta katika kifurushi kingine. Ni la rangi usiyoipenda, lakini lina kola ndefu.

Dada yako

19 Aprili

Dada,

Shikamoo. Sweta limefika. Mwambie Mama nakula vizuri.

Daktari gani wa kifua?

Nimeirudia barua yangu kichwani neno kwa neno. Sikuandika kifua, sikuandika daktari, sikuandika vumbi. Huku anayejua habari hiyo ni mimi na fomu ya kliniki niliyojaza. Hata Jenereta sijamwambia, na tunalala umbali wa mkono mmoja. Nilikuwa na kikohozi kidogo, nikaenda kupimwa kama mtu yeyote anavyokwenda. Hilo si la ajabu. La ajabu ni kwamba wewe umelijua ukiwa huko, kabla majibu hayajatoka.

Nani amekwambia? Nijibu upesi, na unijibu yote. Siku hizi nikitembea barabarani najikuta nageuka nyuma.

Wakili

14 Mei

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba. Sisi wazima. Mama sasa analala sebuleni, ngazi zimemshinda, lakini anasema amepandishwa cheo kwa sababu anaona wote wanaopita nje. Fundi viatu amemchongea fimbo mwenyewe bila kuombwa, kwa hiyo kibarazani tumetangaza amani.

Mbona umeniweka roho juu kwa jambo dogo? Hakuna mtu aliyeniambia kitu. Siku moja nilifungua kompyuta, likatokea tangazo la madaktari wa kifua, na chini yake dawa za kikohozi. Nikasema moyoni, huyu Wakili atakuwa na kikohozi. Basi. Hisia za dada tu. Mimi ndiye niliyekupaka mafuta ya kifua tangu una miaka miwili, nitashindwa kuhisi?

Majibu yametoka? Niandikie yalivyo.

Dada yako

22 Juni

Dada,

Shikamoo. Umesema jambo dogo. Hilo tangazo limenimaliza.

Fikiri. Ile fomu ya kliniki niliijaza kwenye tovuti yao, nikiwa hapa bwenini. Baada ya barua yako nilirudi kwenye ukurasa uleule nikaukagua. Una wafuatiliaji kumi na wanne, Dada. Ukurasa ambao mtu anaulizwa anakohoa nini una watu kumi na wanne wamesimama nyuma yake wanasoma. Wameniunganisha na kompyuta ya duka, wakaipita hata ngao yangu, wakakuletea kikohozi changu mpaka kwenye meza yako.

Ngoja nikunyooshee maelezo, maana kuficha hakuna faida tena. Siko ofisini. Nakata mawe, yale mabamba yanayowekwa juu ya meza za jikoni. Mashine ya maji iliharibika tangu Januari, tunakata makavu. Ukinikuta saa ya kutoka kazini utadhani nimeangukia kwenye unga. Msimamizi alishasema, mwenye kifua kibovu anarudishwa kwao siku hiyohiyo. Ikiwa tangazo limekufikia wewe, kwake limefika zamani.

Daktari alikuwa aniandikie barua nitolewe kwenye vumbi bila kufukuzwa kazi, halafu nipigwe picha ya pili na kuanza dawa tarehe tatu Julai. Nimekwenda nikafuta yote. Nikawaambia waondoe jina langu mbele ya macho yangu, na yule dada wa mapokezi akaliondoa. Sasa nimetulia kidogo. Nikinyamaza, labda wataniacha.

Usimwambie Mama.

Wakili

15 Julai

Mdogo wangu,

Leo sina salamu ndefu. Mama mzima. Kaa chini ndiyo usome.

Hakuna tangazo. Nilikudanganya. Kliniki haikukuuza, na ngao yako haijapitwa na mtu hata mmoja. Ni mimi.

Ulipokuwa ukiziba yale matundu yako kwa saa nne, ulisahau kutoka kwenye akaunti yako mwenyewe. Kivinjari cha duka bado kina jina lako. Kila unachotafuta huko kinaandikwa na hapa. Mimi sikujua. Tarehe ishirini na sita Februari alikuja mama mmoja anataka kuchapiwa maelezo ya kufuga kuku. Niliandika k, u, k, kabla sijamaliza kikashuka kijiorodha: kukohoa asubuhi makohozi ya kijivu. Kukosa pumzi kupanda ngazi. Kukata mawe makavu na mapafu. Yule mama akasoma pamoja nami, akanishika mkono akasema pole. Kumbe mimi nilikuwa bado najiuliza ni nani huyu anayeumwa.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla sijawasha mashine ya nakala, nafungua historia yako nasoma. Nilijua ukienda kliniki. Nilijua habari ya kiti chenye magurudumu ni uongo. Nilijua siku uliyotafuta kama mapafu yakishakuwa magumu yanalainika tena, na ukabonyeza majibu tisa, yote yakisema kitu kimoja. Najua pia Jenereta anatema damu, kwa sababu ulimtafutia.

Nilitaka kukwambia. Nikaona ukijua utafunga, nami nitabaki na barua zako za kiti chenye magurudumu. Basi nikatunga tangazo, tena nikakutungia wewe, mtu ambaye matangazo ndiyo jinamizi lake. Hiyo ndiyo akili yangu. Ulikuwa umeshapata tarehe, ulikuwa umeshapata barua ya kukutoa kwenye vumbi, nikakunyang'anya vyote kwa sentensi mbili za utani.

Na nimeelewa jambo lingine. Ulisema simu ina masikio. Masikio uliyokuwa ukiyakwepa ni yangu. Ungepiga simu ningekusikia unakohoa.

Niseme nimekosa mara ngapi? Nimekosa. Lakini rudi kliniki. Ukimaliza kusoma mstari huu vaa viatu uende. Unichukie ukiwa kwenye foleni.

Dada yako

20 Agosti

Dada,

Shikamoo.

Nimetoka. Nimetoka kwenye akaunti hapa, nikabonyeza na pale panaposema utolewe kwenye vifaa vyote. Utakapofungua duka hutanikuta.

Watu wasionijua wananifuata ili waniuzie viatu. Hao naweza kuwaelewa. Wewe ulinifuata miezi mitano ukajua nakufa moyo, halafu ukaniandikia habari za mashine ya nakala na sweta. Kuna mambo niliuuliza ule mtambo wa kutafutia kwa sababu sikutaka kumwuliza mtu. Nilikuwa nauliza peke yangu. Sasa najua sikuwa peke yangu, na kila swali nikilikumbuka naona aibu upya, kama mtu aliyekutwa hana nguo.

Kliniki nilirudi. Nafasi ile ameshapewa mwingine. Kwa kuwa jina nililiondoa mwenyewe, naanza mwanzo kama mgeni, na walioandikwa mbele yangu ni wengi. Wamesema labda baada ya mwaka mpya. Daktari aliyetaka kuniandikia barua amehamishwa, na mpya anasema hawezi kuandika kuhusu mtu asiyemjua. Simlaumu.

Kuanzia leo utajua kile ninachokuandikia. Nikisema mzima, ni mzima. Zamani watu wote waliishi hivyo.

Wakili

18 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama anakusalimu, anauliza mbona barua ya safari hii sikumsomea. Nimemwambia ilikuwa fupi, ya mambo ya kompyuta. Akacheka akasema, huyo hata akizaliwa tena atazaliwa na waya.

Kila ulichosema ni haki yako. Sina utetezi, na ungekuwepo ungenishinda kabla sijasimama. Ni kweli jina lako limeondoka. Nikiandika k, u, k, sasa zinashuka kuku tu. Kuku wa mayai, kuku wa nyama, magonjwa ya kuku. Nilikaa nikaitazama hiyo orodha mpaka mteja akagonga meza.

Nimepeleka ubalozini karatasi za kuomba ruhusa ya kuja huko. Karani alinitazama akaniuliza sababu ya safari. Nikasema ndugu yangu anaumwa. Akauliza, una barua ya daktari wake? Sina. Akauliza, yeye mwenyewe amekuita? Hujaniita. Amesema nisubiri hadi Aprili, na hakuinua uso aliposema.

Naomba kitu kimoja, na najua sina uso wa kuomba. Ingia tena. Sitasema kitu, sitauliza, sitatuma soksi wala sweta. Hata ukitafuta bei ya vitunguu nitashukuru. Nitajua tu kwamba siku hiyo uliamka.

Dada yako

2 Novemba

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi mzima kabisa. Hasira zimekwisha, usijitese, wewe ni dada yangu na sina mwingine.

Habari njema ni kwamba wamenipa kazi nyepesi. Nafagia karakana, sinyanyui tena mawe. Msimamizi si mbaya kama nilivyodhani. Jenereta amerudi kwao kupumzika. Wenzetu walimbeba mpaka chini pamoja na sanduku lake, na akawatania kwamba hajawahi kusafiri kwa raha namna hiyo. Picha za watoto amezisahau kabatini. Nitamtumia.

Usihangaike kuja. Chumba ni kidogo, na hapa hakuna cha kuona. Mimi mzima. Nimeongezeka hata uzito, hilo sweta linanibana. Mwambie Mama mwakani nitakuja mwenyewe nifagie hicho kibaraza.

Mimi mzima, Dada.

Wakili

9 Desemba

Wakili wangu,

Marahaba. Nimempokea Mama barua yako mkononi, maana safari hii posta walimkuta yeye kwanza. Amefurahi. Amewaeleza wote wanaopita kwamba umeongezeka uzito. Sikumsahihisha. Nilikwenda jikoni nikasafisha sufuria ambazo zilikuwa safi.

Mimi ni mtu wa kuchapa, mdogo wangu. Miaka kumi na minane nasoma mwandiko wa watu niwachapie. Barua yako fupi hivyo imeandikwa kwa kalamu tatu. Mstari wa kwanza umesimama wima, wa pili umelala, na katikati ya jina la Jenereta uliacha, ukaja kumalizia siku nyingine. Na kufagia vumbi hilo bila maji si kazi nyepesi. Hayo ningekunyamazia, kwa kuwa niliahidi. Nilikuwa nimeshaanza barua nyingine ya kukupongeza kwa uzito.

Lakini leo asubuhi nimefungua duka, nikawasha kompyuta, na jina lako lilikuwa limerudi pale juu, pembeni. Nilisimama na funguo mkononi. Sikutaka kubonyeza, halafu nikabonyeza. Historia yote ulikuwa umeifuta. Limeachwa swali moja tu, la jana saa tisa na dakika kumi alasiri: namna ya kumwambia dada kwamba hakuna dawa.

Sijui kama uliingia kwa kusudi au ulichoka ukasahau. Nimekaa na fumbo hilo siku nzima na nimeamua silitaki jibu lake. Kulikuwa na binti anasubiri kuchapa cheti. Nilimwomba arudi kesho, akaniangalia usoni akaondoka. Fundi viatu alikuja kuazima mkasi, akauacha mezani akakaa na mimi. Nililia sana, kwa sauti, na sikujali nani anapita. Mama bado sijamwambia. Nitamwambia mimi. Hilo niachie.

Ile tarehe tatu ya Julai naibeba mimi. Usiniambie si kosa langu, usinibembeleze kwa lolote. Tumia pumzi yako kwa mambo mengine.

Karani nimemwendea tena mchana huu. Bado ni Aprili. Nilimwonyesha hata hiyo sentensi, nimeichapa kwenye karatasi na ule mstari mweusi katikati. Ameisoma, akasema si hati, akanirudishia.

Sitaizima kompyuta, na hakuna mteja atakayeigusa. Kama unataka kutafuta chochote, tafuta, nitakuwa nasoma. Kama hutaki, usitafute. Ila swali lile la jana usiliulize tena, na usikae na kalamu tatu unalitungia maneno. Nimeshaambiwa.

Dada yako